Je, Ni Haki Kumfuga Mwana wa Mwitu?



Wazee wetu husema kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hii twaitumia kumlaumu mtu asiye na shukrani, lakini ni mara chache tunaposimama na kuuliza kama punda naye angekuwa na methali yake juu yetu. Katika ukurasa huu twataka kulitazama swali moja ambalo laonekana dogo, nalo si dogo. Mtu akimchukua mnyama mchanga wa mwitu, akamlea, akamtuliza mpaka mnyama yule akala mkononi mwake bila hofu, je, amemtendea haki, ama amemwibia kitu? Na ikiwa ni haki, basi tangu siku hiyo mtu yule ana wajibu gani?

Twauliza kwa sababu tunaishi Chumbi. Kijiji chetu kiko kusini ya mto Rufiji, kando ya barabara iendayo Kilwa, na upande wa magharibi ndiko iliko ile hifadhi kubwa iliyoitwa Selous, ambayo tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wanyama hawajui mipaka ya ramani. Mpunga unapoanza kutoa masuke, watu hupanda madunguni kulinda ndege na tumbili mchana, na nguruwe na kiboko usiku. Kwetu sisi, basi, mwitu si habari ya vitabuni, kwa maana waanzia pale lilipoishia shamba la jirani.

Tuanze na farasi, kwa kuwa yeye ndiye mnyama ambaye habari zake za kutulizwa zimeenea zaidi duniani. Huko Marekani, katika majimbo ya magharibi, wako farasi wa mwitu waitwao mustang. Asili yao ni farasi walioletwa na Wahispania tangu karne ya 16, wakatoroka, wakazaana nyikani. Mwaka 1971 Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda. Walipozidi wingi kuliko malisho, serikali ikaanza kuwakamata baadhi yao na kuwagawa kwa watu walio tayari kuwalea. Anayemchukua farasi wa namna hiyo hawi mwenyewe mara moja. Hupewa mwaka mmoja wa kumtunza kwanza, ndipo apate hati ya kummiliki.

Na kazi ya kumtuliza yasemekana huenda hivi. Mtu huingia zizini akakaa tu, bila kumkazia macho, maana kukaziwa macho ni desturi ya mnyama awindaye. Huweka majani chini, akangoja. Siku ya kwanza farasi hali. Siku nyingine hula mtu akiwa mbali, kisha mtu akiwa karibu. Mkono ukifika shingoni naye akatulia, mkono huondolewa hapo hapo, ili ajue kwamba kutulia kwake kumesikiwa. Kazi hii yaweza kuchukua siku nyingi. Iko pia njia ya pili, ya zamani, ya kumfunga kamba, kumchapa na kumpanda kwa nguvu mpaka achoke asiweze kukataa tena. Njia hii ni ya haraka. Mwisho wa njia zote mbili farasi atasimama kimya, na mpita njia hataona tofauti. Lakini yule wa kwanza ametulizwa moyo, na yule wa pili amevunjwa moyo.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu na kukaa madarasani miaka mingi twaijua vizuri tofauti hiyo. Liko darasa linalonyamaza kwa sababu linasikiliza, na liko linalonyamaza kwa sababu fimbo iko mezani. Mkaguzi akipita dirishani ataandika kwamba yote mawili yana nidhamu. Mwalimu akitoka nje kidogo, ndipo ukweli utakapojulikana.

Hapa kwetu Rufiji farasi hakufika kuwa mnyama wa watu. Sababu yake ni mbung'o, ambaye huambukiza farasi na ng'ombe ugonjwa wa nagana na kuwaua. Kwa hiyo babu zetu walibeba wenyewe. Pembe za ndovu, sandarusi na nafaka zilishuka pwani juu ya vichwa na mabega ya watu, na baadhi ya watu hao walikuwa watumwa. Tulikumbuke hilo kabla hatujamsifu mtu aliyemwacha mnyama wake huru, maana palipokosekana mnyama wa kubeba, alibebeshwa binadamu.

Wageni walipokuja kutawala waliliona jambo hili, na macho yao yakaangukia punda milia. Huyu anafanana na farasi, yuko kwa maelfu, na mbung'o hamdhuru kama amdhuruvyo farasi. Wajerumani walijaribu kuwakamata na kuwafundisha kazi upande wa Kilimanjaro. Huko London, mwishoni mwa karne ya 19, tajiri mmoja aitwaye Walter Rothschild aliwafunga punda milia kwenye gari lake akalipitisha barabarani mpaka kasri la Buckingham, watu wakashangaa. Na Nairobi, mji ule ulipokuwa bado mahema na mabanda ya bati, alikuwako daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyefika mwaka 1900. Daktari huyu alijipatia punda milia, akamzoeza, akawa anampanda kwenda kuwatazama wagonjwa. Picha yake akiwa juu ya mnyama wake ipo hata leo.

Basi ilikuwaje? Mbona hatuna punda milia sokoni Ikwiriri wakivuta mikokoteni? Jibu ni kwamba mmoja mmoja alizoezwa, lakini jamii yao haikukubali. Punda milia ni mwepesi wa kushtuka, na akishtuka hupiga mateke makali. Akimng'ata mtu hamwachii upesi. Amekulia katika nchi ya simba na fisi, naye aliyesitasita hakuishi kuzaa. Wale waliofundishwa kwa taabu hawakuwarithisha watoto wao utulivu huo, na kila kizazi kilianza tena kwenye woga ule ule. Watu wakachoka, kisha magari na reli zikaja, wakawaacha.

Lakini ndugu yake alikubali. Punda wa kawaida, huyu wa mateke katika methali, ni mtoto wa Afrika kama sisi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa dunia wametokana na punda mwitu waliofugwa mara moja, katika upande huu wa mashariki ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Na huko Misri, mahali paitwapo Abydos, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta punda 10 waliozikwa kwa heshima karibu na kaburi la mfalme wa miaka 5,000 hivi iliyopita. Mifupa yao ilikuwa bado na umbo la punda wa mwitu. Lakini pingili za migongo yao zilikuwa zimelika, kama ziwavyo za mnyama abebaye mizigo mizito miaka mingi. Msomaji mpenzi, tafakari kidogo juu ya mifupa ile. Mwili ulikuwa bado wa mwituni, na mgongo ulikuwa tayari wa mtumishi.

Hapo ndipo tunapoliona fundo la swali letu. Punda milia hakutupa kitu, nasi hatumdai wala hatudaiwi naye, ila tu tusimwonee. Lakini punda alitupa imani yake na mgongo wake, na wanawe, vizazi kwa vizazi. Alipoacha kutukimbia aliiacha silaha aliyopewa na Mungu ya kujiokoa, yaani hofu yake. Ni nani sasa atakayemlinda, kama si yule aliyemwomba aiache?

Tazameni basi yaliyompata. Yako madawa ya Kichina yatengenezwayo kwa kuchemsha ngozi ya punda, na yalipohitajiwa sana, wanunuzi walikuja Afrika. Viwanda vya kuchinja punda vilifunguliwa Kenya, na hapa kwetu Dodoma na Shinyanga. Punda wakaanza kuibwa usiku. Mama aliyekuwa akichota maji kwa punda aliamka asubuhi akakuta kamba tupu, na ndoo zikarudi kichwani pake na pa binti yake. Mnyama yule hakuwa mgumu kuiba. Alimfuata mwizi kama alivyozoea kumfuata bwana wake, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kwamba mtu ashikaye kamba ni rafiki. Mwezi Februari mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, walikubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi katika bara zima. Tunawashukuru. Lakini yatupasa tuone aibu kwamba ilitubidi tukumbushwe.

Wala hatuko peke yetu katika aibu hiyo. Huko Marekani, mwaka 2019, serikali iliamua kuwalipa dola 1,000 kwa kila farasi wale waliokubali kuwalea wale mustang. Nia ilikuwa njema. Lakini mwaka 2021 magazeti ya huko yalitoa habari kwamba baadhi ya watu walizipokea fedha, wakakaa na farasi mpaka hati ikatoka, kisha wakampeleka kwenye minada ambako wachinjaji hununua. Farasi wa mwitu angewakimbia wachinjaji wale. Huyu aliyekwisha kuzoea mtu alipandishwa lori bila taabu.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza ni hili. Kumtuliza mnyama wa mwitu si dhambi kwa yenyewe, lakini ni kufunga agano, na agano hili lina upande mmoja tu wenye kujua kusoma. Mnyama hajui masharti, wala hawezi kwenda barazani kushtaki. Hivyo mwanadamu hana budi kulitunza kwa niaba ya wote wawili. Anayeona mzigo huo ni mzito, na amwache mwana wa mwitu kwao.

Maandiko nayo hayatupi njia ya mkato. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 39, Mungu mwenyewe anamsifia punda wa mwitu, ambaye hana bwana, ambaye makao yake ni nyika, naye hajali makelele ya mji. Hakuna neno la lawama juu yake. Mungu hasemi kwamba mnyama huyo amepotea, au kwamba angekuwa bora akifungwa nira. Na katika Injili ya Marko, sura ya 11, twasoma habari za mwana-punda ambaye hakuwa amepandwa na mtu bado. Wale kati yetu waliowahi kumkaribia mnyama ambaye hajafundishwa wanajua kwamba jambo hilo lilikuwa la hatari: nguo zinatupwa mgongoni, matawi yanatandazwa miguuni, umati wa watu unapiga kelele, naye anakwenda taratibu. Kila Jumapili ya Matawi twaimba na kuyapunga makuti yetu, na huenda tusimfikirie yule mnyama hata kidogo. Tena liko neno moja katika habari ile ambalo twalipita haraka. Waliotumwa kumfungua waliagizwa waseme kwamba Bwana anamhitaji, na kwamba atamrudisha. Bwana wa vyote aliazima, na pamoja na kuazima akatoa ahadi ya kurudisha. Punda wa Ayubu aliyeachwa na mwana-punda wa Marko aliyeazimwa, wote wawili ni wa Mungu.

Lakini tusidhani kwamba upendo peke yake watosha kulitimiza agano. Nchini Kenya aliishi Bibi Daphne Sheldrick, aliyejulikana kwa kuwalea ndovu mayatima huko Tsavo na baadaye Nairobi. Katika miaka ya 1970 alimlea ndovu mchanga aitwaye Aisha, akamnyonyesha maziwa kwa chupa miezi kadhaa, yeye mwenyewe, usiku na mchana. Kisha ikambidi aondoke siku chache kwa ajili ya arusi ya binti yake. Aisha alimwona mama yake ametoweka, akaacha kula, akafa. Bibi Sheldrick alijifunza kutokana na msiba ule. Baadaye walezi wa mayatima waliwekwa wengi, wakabadilishana zamu za kulala zizini, ili mtoto ailee imani yake juu ya jamaa nzima wala si juu ya mtu mmoja. Na lengo likawa kumrudisha kila ndovu mwituni atakapokua, hata kama kazi hiyo itachukua miaka mingi. Hapo twaona kwamba kumpenda mnyama mpaka asiweze kuishi bila wewe ni kumwekea mtego mwingine, ingawa ni mtego wa huruma.

Sasa turudi Chumbi, maana hapa ndipo tutakapohukumiwa. Jirani yetu mmoja ana mtoto wa kiume, mwanafunzi wa darasa la sita. Msimu mmoja wa mpunga alikuja barazani petu jioni, na kifuani, ndani ya shati, alikuwa na mtoto wa tumbili asiyezidi kiganja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Mama yake kanaswa na mtego wa baba, Mwalimu, akafa. Huyu alikuwa kamshikilia. Nikimwacha, atakufa. Nikimchukua, watu wanasema akikua atauma, atafungwa kamba kama yule wa kule barabarani. Nifanye lipi?"

Wasomaji wa hapa wanamjua huyo wa barabarani. Alichukuliwa akiwa mchanga, akawa mchezo wa watoto, akapewa ndizi na kila mpita njia. Meno yalipomkomaa akamwuma mtoto, na tangu siku hiyo anafungwa kiunoni chini ya mkorosho, akizunguka shina. Hawezi kurudi kwa wenzake, maana hawamjui. Hawezi kuingia nyumbani, maana wanamwogopa. Wenye nyumba si watu wabaya. Walimchukua kwa huruma, ila hawakuuliza habari za mwaka wa nne.

Tulimjibu yule kijana kama tulivyoweza. Kwanza, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukaa na mnyama wa pori nyumbani bila kibali, hivyo sharti habari ifike kwa mtendaji wa kijiji na kwa yule tuliyezoea kumwita bwana nyama, ambaye siku hizi ni afisa wanyamapori. Pili, mpaka hapo atakapokuja, mtoto yule asikose joto na chakula, wala asifanywe mchezo wa kupitishwa mikononi. Na tatu, tulimwambia kwamba deni halikuanza pale alipomtia shatini. Lilianza kwenye mtego.

"Lakini, Mwalimu," akasema, "tusipotega tutakula nini?"

Hatukumkemea, kwa kuwa alikuwa na haki. Kundi la tumbili laweza kuumaliza mpunga wa familia katika siku chache, na anayeketi mjini akiwahurumia tumbili halali njaa mwezi wa nane. Afisa alikuja siku ya tisa akamchukua mtoto yule. Kijana alilia. Lakini juma lililofuata tuliona kwamba baba yake, bila kusema neno na mtu, ameing'oa mitego iliyokuwa upande wa msituni, akaiacha ile iliyozunguka shamba, na kuongeza zamu ya kulinda. Hakuwa ameacha kuulinda mpunga wake. Alikuwa ameweka mpaka, kwamba mnyama anayekuja kuiba tutapambana naye, na yule aliyeko kwake hatutamfuata.

Twaona kwamba baba yule alilijibu swali letu vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo twapenda kuwaachia wasomaji maswali matatu, ambayo mtu ajiulize kabla hajamwingiza mwana wa mwitu uani kwake, awe tumbili, paa, kasuku, au mnyama mwingine yeyote. La kwanza: je, namchukua kwa sababu yeye ananihitaji, ama kwa sababu mimi nataka kutazamwa na watu? La pili: je, nitamtuliza kwa subira, ama kwa njaa na fimbo? La tatu, ambalo ndilo gumu: atakapokuwa mkubwa, hana uzuri tena, haniletei faida, nami nimechoka au nimezeeka, nani atalishika agano nililolifunga naye?

Tena maswali hayo hayaishii kwa wanyama wa mwitu tu. Wengi wetu tuna mbuzi, kuku, na mbwa mlinzi ambaye hulala mvuani. Hao waliacha kutukimbia zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu. Hawana tena mwitu wa kurudia. Jioni ya leo, tunapofunga milango, na tupite kwanza bandani tuone kama maji yapo.